Jiko Lililoponya Sailensa

Mama yangu alipika sailensa. Watu wakinisikia nikisema hivyo hudhani natania, na wengine huangalia pembeni kama wanaona haya kwa niaba yangu. Lakini ni kweli. Jikoni mwake, mteremko kidogo chini ya soko la Githongo, juu ya mafiga yaleyale yaliyotupikia githeri ya mahindi na maharagwe tukiwa wadogo, zilipita sailensa, yale makopo ya kupunguza ngurumo ya gari, za pikapu za watu wa kahawa, bomba za moshi za magari ya walimu, na siku moja bomba la trakta lililokuwa refu mpaka mkia wake ukatokea mlangoni, kuku wakawa wanaliruka.

Naandika haya sasa kwa sababu kifua changu hakinipi ahadi. Wale tuliofanya kazi nao gereji wameondoka mmoja mmoja, wakikohoa, na nimebaki mimi niliyekuwa mwembamba kuliko wote, ambaye kila mtu alidhani ndiye angetangulia. Majina ya watu sitayaweka. Watoto wao bado hunisalimia sokoni, na hao watoto hawajanikosea kitu. Lakini waliokosa nitawasema kwa kazi zao, na anayewajua atawajua.

Gereji ilikuwa ya baba mdogo, yaani ndugu mdogo wa marehemu baba yangu. Alinichukua baada ya shule kunishinda darasa la tano, akanifundisha kufungua na kufunga, kisha kuchomelea. Kufikia miaka ya tisini mwanzoni nilikuwa kijana mzima, nimeshatahiriwa, nina nyumba yangu ndogo ya mbao pembeni ya boma la mama, na kazi yangu kubwa ilikuwa bomba za moshi. Huku kwetu barabara ni matope mekundu sehemu kubwa ya mwaka, na bomba la moshi ndilo linalopigwa kwanza. Ndani lina moto, nje lina maji. Unalichomelea leo, msimu haujaisha limeoza na gari linanguruma kama ng'ombe anayetafuta ndama.

Kwa hivyo tulihangaika na rangi. Tulianza na ya milango. Ikababuka kama ganda la ndizi uliyoichoma. Tukapaka oili chafu ya injini. Dereva akafika mjini Nkubu anafuka moshi, watu wanamkimbilia na ndoo za maji. Rangi ya mabati ilikuwa inapendeza siku ya kwanza, bomba linang'aa kama kijiko cha wageni, halafu injini ikipata moto rangi yote inaanguka vipandevipande barabarani. Mwenye gari hurudi na kimoja mkononi. "Fundi, mali yako hii hapa. Niliona nisikuibie."

Aliyetutoa hapo ni mwalimu mmoja mwenye gari kuukuu. Alikuwa amekwenda Embu kwa shughuli zake, akaingia duka linalouzia viwanda, akarudi na mkebe mdogo wa rangi ya fedha wenye picha ya mwali wa moto. Mimi Kiingereza nilisoma tarakimu tu, basi akatusomea yeye, amesimama katikati ya vyuma huku ameshika suruali isiguse oili.

"Paka nyembamba, mara mbili. Acha ikauke. Halafu…" Akasogeza mkebe karibu na macho. "Halafu inasema *cure*. Polepole, kwa joto, ukipandisha moto kidogo kidogo."

"Hiyo *cure* ni nini, mwalimu?" nikamuuliza.

"Ni kuponya. Kutibu."

Baba mdogo akacheka mpaka akashika tumbo. "Yaani rangi nayo inaugua? Tuipeleke hospitali ilazwe, ama tuiombee kanisani?"

"Mimi nasoma kilichoandikwa," mwalimu akasema. "Nafundisha hesabu. Rangi mtajua nyinyi."

Miaka mingi baadaye ndipo nilisikia kwamba neno hilo kwa watu wa rangi maana yake ni kukaza, kukomaa. Lakini kufikia wakati huo lilikuwa limeshazoeleka kwetu. Pale Githongo sailensa haikukaushwa, iliponywa.

Shida ilikuwa ni wapi. Moto wa gesi ya kuchomelea ni mkali, ukiigusa tu rangi inatoa malengelenge. Kuacha injini ikiunguruma pale pale hadi bomba lipate joto lake, baba mdogo hakutaka kusikia. Petroli ya bure hakuna. Mama alikuwa ameleta chakula chetu cha mchana, akawa anatusikiliza huku amekaa juu ya tairi. Akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea, "Moto wa polepole ninao mimi siku nzima. Nyinyi leteni hivyo vyuma."

Ndivyo ilivyoanza. Na hapa lazima nieleze jambo moja kwa wasiotoka kwetu. Kijana akishatoka jandoni haingii tena jikoni kwa mama yake. Hakuna anayemkataza kwa fimbo, anajua tu. Siku moja wewe ni mtoto unakula viazi vya moto kutoka kwenye jivu, siku nyingine ule mlango si wako. Chakula unaletewa. Moto ule uliokukuza utauona kwa mbali, kama moto wa jirani.

Kwa hivyo sailensa nilimpa mama mlangoni, yeye akaingia nazo, mimi nikazunguka nyuma nikakaa kwenye gogo. Ukuta wa jiko ulikuwa wa mbao zile za pembeni ambazo wapasua mbao huuza kwa bei rahisi, zina magome na zimeachana. Mwanga ulipita katikati yake. Sauti pia.

"Mama, imepona?"

"Bado. Ina homa."

"Na ile ndogo?"

"Hiyo ndogo inajifanya mgonjwa ili ikae jikoni. Kama wewe siku za shule."

Alizipandisha kwanza kule juu, kwenye uchaga wa kukaushia kuni, zikae kwenye joto la moshi wakati githeri inachemka. Zikishatoka jasho alizishusha pembeni ya mafiga, akizigeuza kama mtu anayechoma mahindi. Mwisho alizilaza karibu na makaa ya miti ya kahawa, ambayo huwaka kimyakimya, haina makuu. Alipima kwa ukucha. Ukucha ukiacha alama, bado, ukiteleza, tayari. Rangi ilipokubali ilipoteza ule mng'aro wa kujionyesha, ikawa ya kijivu iliyotulia, na gari lilizunguka nayo matope na mvua na kurudi nayo. Watu wakaanza kuja kutoka mbali. Walimsifu baba mdogo. Yeye alipokea sifa zote, hakuna iliyoanguka chini.

Mimi nilipata kitu kingine. Tangu nitahiriwe, mimi na mama tulikuwa tunaongea mambo ya kazi tu: kuni, ng'ombe, nani amefiwa. Sasa kila alasiri nilikuwa na sababu ya kukaa nyuma ya jiko lake, na sijui kama ni ule ukuta uliomfungua mdomo. Labda mama akiona uso wa mwanawe mtu mzima anaona haya. Akiona mbao tu, anasema. Aliniambia jinsi alivyoletwa boma hili akiwa msichana, akalia siku nyingi kwa sababu maji ya kijito chetu yalikuwa na ladha tofauti na ya kwao. Aliniambia baba alikuwa anaimba akikama ng'ombe, lakini akisikia mtu anakuja anakohoa ili ionekane hakuwa anaimba. Mimi baba yangu nilikuwa namjua kwa ukali tu. Siku hiyo nilirudi gereji nikiwa kama nimepewa baba mwingine.

Na mimi nikamwambia yangu. Kulikuwa na msichana aliyekuwa akichambua buni pale kiwanda cha kahawa.

"Amenikataa, mama."

"Alisemaje?"

"Hakusema. Alicheka."

"Alicheka amefungua mdomo ama amefunika mdomo?"

Nikafikiri. "Amefunika."

"Basi hajakukataa, mjinga wewe. Rudi. Na safari hii uoge kwanza, usiende unanuka thina ya rangi."

Nilirudi nimeoga. Ndiye anayenichemshia maji ya kujifukiza kifua hadi leo.

Sasa nifike kwa baba mdogo. Wateja walipoongezeka, alisema safari za Embu zinapoteza muda, yeye amepata rangi ileile Nkubu, kwa rafiki yake mmoja mwenye hadware, duka la vifaa vya ujenzi. Akawa anaileta mwenyewe. Mkebe ulikuwa uleule, na picha ya mwali wa moto ilikuwa palepale. Ila kifuniko kilikuwa na makovu ya bisibisi, kama kitu kilichofunguliwa mara nyingi, na ndani rangi ilikuwa nzito, ina unga chini. Nilimwonyesha. Akasema, "Wewe paka. Kiwanda kimebadilisha."

Nikapaka. Nikampelekea mama.

"Hii ya leo haikubali kupona," akasema kutoka ndani. Nikasikia akisukuma makaa. "Ukucha unazama tu. Wacha niiongezee moto."

Aliiongezea moto. Kwa sababu haikukauka, aliifukia kwenye makaa, akapuliza, mpaka chuma chenyewe kikawa chekundu. Kupitia mbao niliona moshi ambao sikuwa nimeuona pale, mweupe sana, mwembamba, unapanda kama uzi wa pamba.

"Moshi wake ni mtamu," mama akasema. "Ajabu. Kama nimelamba kijiko."

Jioni ile alitetemeka. Tulimfunika blanketi zote na bado meno yaligongana. Asubuhi akaamka, akakama ng'ombe, akasema imepita. Baada ya siku chache, sailensa nyingine, homa nyingine, na asubuhi imepita tena. Nilimpeleka dispensari. Yule aliyekuwa akitibu pale, na yeye namweka kwenye hesabu yangu, hakuinua macho kutoka mezani. "Malaria," akasema, akampa vidonge. Mama akamwambia, "Daktari, uji nikiunywa una ladha ya kijiko." Akamjibu, "Sasa mama, unakunywa uji na nini, si kijiko?" Akacheka peke yake. Akaita anayefuata.

Mama alimeza vidonge vyote na homa haikujali. Mimi si msomi, lakini nilikuwa nimeshaanza kuitazama hiyo homa jinsi unavyotazama gari linalokataa kuwaka: linakataa lini, na lini linakubali? Jumapili tulipokwenda kanisani, mama hakutetemeka. Mvua kubwa ilipokata barabara na magari hayakuja, hakutetemeka. Matope yalipokauka tukaleta bomba mbili, jioni alikuwa chini ya blanketi. Nikajiuliza, ni malaria gani hii inayojua ratiba ya gereji?

Halafu ikaja ile alasiri. Nilikuwa kwenye gogo langu. Nikauliza kama kawaida, "Mama, imepona?" Nikauliza tena. Nikasikia kikohozi kirefu, kisha kitu kikaanguka, sufuria nadhani. Niliruka nikazunguka hadi mlangoni. Moshi ulikuwa umejaa hadi chini.

"Usiingie!" akasema. Hata akiwa hapumui, hilo ndilo alilopata pumzi ya kulisema. "Usiingie, baba. Natoka."

Mama aliniita baba kwa sababu nimebeba jina la babu, baba yake. Nilikuwa na mguu mmoja hewani, juu ya kizingiti, alipotokea akitambaa, leso mdomoni, akashika mguu huohuo kama unavyoshika mti. Tukakaa chini hapo nje. Alikohoa mpaka machozi. Kisha akatazama mguu wangu ulikokuwa na akasema, "Ulikuwa unataka kunitia aibu."

Huwa nawasikia watu wa siku hizi redioni wakisifu mila kwa sauti nzito. Mimi nauliza tu nani alikuwa ndani ya ule moshi.

Kesho yake niliteremka Nkubu bila kumwambia baba mdogo. Mwenye hadware alikuwa mtu mnene, mchangamfu, anayemwita kila mtu rafiki.

"Karibu rafiki! Nikupe nini?"

"Rangi ya moto."

"Za moto ziko. Nyekundu, ya machungwa, kuna njano moja ukipaka lango lako jirani hawezi kulala."

"Si ya kupendeza. Ya kustahimili moto. Ya sailensa."

"Aa, hiyo ya kwenda Embu. Mimi siweki, haina wateja."

Nikamwambia kwamba gereji yetu ya Githongo huinunua kwake. Akanitazama, akakumbuka, akafurahi.

"Ya mzee wa Githongo! Hiyo mbona hukusema? Hiyo ni hii ya mabati, ya kuzuia kutu." Akagonga debe kubwa kwa kiatu. "Umekuja na mkebe?"

"Mkebe gani?"

"Yeye huja na mikebe yake mitupu, mimi namjazia tu. Ile yenye picha ya moto."

Nikalitazama lile debe. Nilikuwa namwona baba mdogo akiokota mikebe mitupu niliyoitupa, akiisuuza kwa petroli ile ile asiyotaka kuipoteza.

"Na wewe ulijua inakwenda kuchomwa?" nikamuuliza. "Ulijua kuna mama anakaa na moshi wake?"

"Rafiki, mimi nauza rangi. Mtu akitaka kuipika na viazi, tumbo ni lake." Akageukia mteja mwingine, bado anatabasamu.

Huyo ndiye mwenye hadware. Baadaye alijenga jumba la ghorofa, na watu wanapita wakilisifu. Rangi ya mabati yake, nimeangalia, ni ya Nairobi, si ya duka lake.

Baba mdogo nilimkuta amelala chini ya pikapu. Nilizungumza na miguu yake.

"Baba mdogo, ile rangi ni ya mabati."

Miguu ikatulia. "Nani amekwambia?"

"Aliyekujazia."

Akatoka, akafuta mikono polepole. Nilitarajia uongo, na labda ningemwachia, maana alinilea. Lakini hakuona hata haja ya kudanganya.

"Sasa kelele ni za nini? Inang'aa, wateja wanaondoka wamefurahi. Ikianguka, watarudi walipe tena."

"Mama anaugua."

"Mwanamke na moshi wa jikoni!" Akacheka. "Amekaa ndani ya moshi tangu azaliwe. Amezoea."

Hilo neno, amezoea. Baba mdogo alipokufa, miaka mingi baadaye, alizikwa kwa mahubiri marefu na kila aliyeshika kipaza sauti alisema alikuwa mtu wa familia. Nilikuwepo, nimesimama nyuma, na kichwani mwangu lilikuwa neno hilo moja. Siku ile nilikusanya spana zangu, zile nilizonunua mwenyewe, nikazifunga kwenye gunia, nikateremka nyumbani.

Nilikaa kwenye gogo nikamweleza mama yote kupitia ukutani. Nilidhani atashtuka. Nilisikia tu anapepeta maharagwe, sauti yake ile ya mvua ndogo.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba ni moshi. Tangu mara ya pili. Kwani mimi sijui moshi? Nimeishi nao."

"Na ukanyamaza! Unameza dawa za malaria!"

Upepetaji ukasimama.

"Baba, sailensa zikiisha, wewe utakaa hapo nje kufanya nini? Kijana mzima, nyuma ya jiko la mama yake, bila kazi? Watu watasema nimekuroga. Nikafikiri, homa ni ya jioni moja. Asubuhi inapita."

Nilitazama mbao zile na makovu yake ya msumeno mpaka jua likahama.

Niliomba lifti kwenye lori la mbao hadi Embu, nikalitafuta lile duka la mwalimu. Muuzaji alikuwa mama wa makamo, mpole, akanisikiliza kisha akaweka mikebe miwili mezani. Mmoja ndio ule wa fedha, wa kweli, kifuniko chake hakina kovu. Wa pili ulikuwa mweusi, wa kupaka bomba za tanuri za viwandani.

"Huu wa fedha unataka moto wa polepole kabla ya kutumika, ndio ukaze," akasema. "Huu mweusi hautaki chochote. Unapaka, unakauka kwa upepo, unafunga kwenye gari. Injini yenyewe inamaliza kazi. Itatoa harufu safari ya kwanza, basi."

"Upi unakaa zaidi?"

"Yote inakaa ukisafisha chuma vizuri. Mweusi hauonekani mzuri, lakini nani analala chini ya gari kuangalia?"

Mtu mwingine angechagua hapo hapo. Mimi nilisimama. Nikiuchukua wa fedha, mambo yatarudi kama zamani: mama na mafiga yake, mimi na gogo langu, na habari za baba aliyeimba akikama ng'ombe. Moshi mbaya huo wa fedha hauna, nilikuwa nimeona. Lakini nilikuwa nimekisikia pia kile kifua kikikohoa kwenye kizingiti, na nilijua kwamba hata harufu ndogo sasa ingemtafuta. Nikiuchukua mweusi, mama atapumua, na sitakuwa na neno la kumwuliza kupitia ukutani.

"Kijana," muuzaji akasema, "unanunua rangi ama unachagua mke?"

Niliuchukua mweusi.

Mama aliupokea mlangoni, akaunusa, akaugeuzageuza.

"Huu hautaki jiko?"

"Hautaki."

"Hata kidogo?"

"Injini inauponya yenyewe, mama."

"Basi ni mzuri," akasema, akanirudishia kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha mtoto wa wenyewe. Akaingia ndani. Siku ile nilipita pale nyuma mara kadhaa nikijifanya natafuta kuku.

Nikaanza kufanya kazi yangu mwenyewe, kwenye kijibanda cha mabati kando ya barabara, na bomba nyeusi zikashika. Wateja walinung'unika kwamba hazing'ai, kisha wakazoea. Mama hakutetemeka tena. Kifua hakikurudi kama kilivyokuwa, nisidanganye, na kilimsumbua msimu wa baridi kwa miaka yote aliyoishi baadaye. Lakini aliishi, na ni miaka mingi.

Siku moja ya manyunyu, mchana, aliniita kutoka uani.

"Lete nyundo ya kung'olea misumari."

Nikaleta. Alikuwa amesimama karibu na gogo langu, leso kiunoni.

"Toa huu ukuta."

"Huu wa jiko?"

"Kwani kuna mwingine ulikuwa unaongea nao?"

Nilidhani anataka kuubadilisha. Nikang'oa ubao wa kwanza, wa pili, masizi yakinimwagikia kichwani. Kila ubao ukitoka mwanga uliingia mahali ambapo haujawahi kuingia: kwenye uchaga wa kuni, kwenye vibuyu, kwenye mafiga matatu yaliyopauka upande mmoja. Nikageuza uso, maana nilikuwa naona ndani.

Baba mdogo alisikia kelele ya misumari, akateremka kutoka barabarani na mwavuli.

"Shemeji, ni nini hiki? Mnavunja jiko mchana?"

"Naongeza uwanja," mama akasema.

"Mtoto wako aliyetahiriwa yuko hapo anatazama mafiga! Unavunja mila, shemeji."

"Navunja mbao, shemeji. Mila yako nenda kaitafute kwenye ile mikebe." Akamgeuzia mgongo, akasema kwa sauti ya boma zima kusikia, "Jiko lina kuta nne. Hapa sasa pana tatu. Hapa ni uani, kuna moto tu, na mwanamume yeyote anaota moto uani. Hata wewe ukihisi baridi, karibu. Nitakuwekea motoni ile rangi ya mabati."

Baba mdogo alifungua mdomo, akaufunga, akafunga na mwavuli pia ingawa mvua ilikuwa bado inanyesha, akapanda kilima hivyohivyo akilowa.

Nilisukuma gogo mbele kidogo, mpaka pale mbao zilipoishia, nikakaa. Mama akakaa upande wake, kwenye kigoda. Moto ulikuwa katikati yetu. Tulikuwa kama watu waliotambulishwa muda huohuo. Alisukuma kuni. Mimi nikanyoosha mikono kuota moto, ili niwe nafanya kitu.

"Hebu lete hapa," akasema.

"Nini?"

"Mikono. Ilete."

Aliishika, akaigeuza kwenye mwanga. Viganjani na juu hadi kwenye viwiko kulikuwa na alama za cheche za kuchomelea, za miaka yote, nyingine nyeusi, nyingine za waridi kama ngozi ya panya mchanga. Mimi nilikuwa nimeacha kuziona.

"Hujawahi kuniambia kwamba unaungua."

"Ni cheche tu, mama. Haziumi."

"Kila siku nilikuuliza, huko nje uko sawa? Ukasema uko sawa."

"Nilikuwa sawa."

"Ulikuwa nyuma ya ukuta," akasema.

Akavuta kopo la mafuta ya ng'ombe kutoka pembeni ya mafiga, lilikuwa la moto kidogo, akachovya kidole gumba. Akaanza na alama iliyokuwa karibu na kidole changu kidogo. Alisugua polepole, akauliza hiyo ni ya gari gani. Nikamwambia, pikapu ya watu wa maziwa. Akahamia nyingine. Na hii? Ya mwalimu. Na hii kubwa? Nikacheka, nikamwambia ni ya lile trakta, na yeye akacheka amefunika mdomo kwa mkono wenye mafuta. Githeri ilianza kushika chini ya sufuria, tuliinusa wote wawili, na hakuna aliyeinuka.